Salamu kwa Cherehani

Msibani kwa Nyanzobe nilikuwa uani na wanawake wenzangu, tunachagua mchele, pale Holo, binti yake mkubwa, aliponigusa bega na kuniomba niingie naye ndani. Alinipeleka chumbani kwa mama yake. Kitanda kilikuwa kimeshaondolewa godoro, na kwenye kona, chini ya dirisha, ilisimama cherehani nyeusi ya miguu ambayo naijua kuliko ninavyoijua sura ya marehemu mume wangu. Holo akafunga mlango. "Shangazi," akasema, "hili sijamwambia mtu. Mama mwishoni akili zilimruka. Alikuwa anaongea na cherehani." Nikamuuliza alikuwa anasema nini. "Kitu kimoja tu, kila jioni. 'Cherehani, Kabula ameshakunywa chai?' Namwambia, mama, hiyo ni cherehani. Ananitazama kama vile mgonjwa ni mimi." Nilicheka. Kucheka msibani ni aibu, tena kwa mwanamke wa umri wangu, kwa hiyo nilijiziba mdomo kwa ncha ya khanga, na kicheko kikageuka kilio humo humo ndani ya khanga. Kabula ni mimi. Na Nyanzobe hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Mwaka maneno hayo yalipoanza Holo alikuwa mtoto wa mgongoni, asingeweza kukumbuka, basi nikamkalisha kwenye ubao wa kile kitanda na kumsimulia. Haya ninayoandika ndiyo niliyomwambia, na machache ambayo siku ile sikuweza kuyatamka.

Ulikuwa mwaka soko huria lilipofika kwetu Bariadi. Watu waliotoka mjini walilitaja kama jina la mgeni mkubwa anayekuja, na kweli lilikuja, kwanza kwa malori ya wanunuzi binafsi tusiowajua, kisha kwa kimya. Kiwanda cha kuchambua pamba, ambacho ngurumo yake niliisikia tangu napata akili, kilizimwa siku moja asubuhi na hakikuwashwa tena. Kimya kile kilikuwa kibaya. Mbwa walizunguka uani wakitafuta kitu wasichokijua, na wanawake kisimani walijikuta wanaongea kwa kelele bila sababu kwa kuwa walizoea kupaza sauti kuishinda mashine. Baba yangu, Mzee Luhende, alikuwa fundi pale tangu ujana wake. Alipunguzwa kazi pamoja na wenzake, akarudi nyumbani kwetu ng'ambo ya korongo akiwa na baiskeli yake, sanduku la spana, na siri moja ambayo ilinichukua muda kuigundua, ingawa tuliishi wawili tu katika nyumba ile. Baba alikuwa kiziwi. Mashine zilikuwa zimeyala masikio yake kidogo kidogo, na yeye alikuwa amejifunza kusoma midomo, kucheka wenzake wakicheka, na kukaa sehemu ambayo kila anayeingia ataonekana. Niligundua jikoni. Nilimwita aje kula, akiwa amenipa mgongo, nikaita tena na tena, mpaka nilipomsogelea na kivuli changu kikapita mbele yake, ndipo akashtuka akasema, "Chakula tayari? Mbona hukuniita?"

Kwa nini hakusema? Kwa sababu kiwanda kilikuwa kimeuzwa kwa tajiri mmoja, na habari zilizokuwa zinazunguka ni kwamba tajiri huyo atawarudisha mafundi wachache wa zamani, ila anataka watu wazima kamili, si wagonjwa wala walemavu. Baba aliishi kwa ajili ya siku hiyo. Kila asubuhi alipaka mafuta minyororo, alisafisha spana zake na kuzipanga juu ya gunia kwa ukubwa wake, na alipokuwa akizifuta alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kuitwa. Nilimwambia siku moja, tena mbele ya uso wake ili anione, "Baba, twende hospitali wakupime masikio." Alininyooshea spana. "Neno hilo," akasema, "likitoka nje ya mlango huu, umeniua." Sikulitoa.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza shule, sina kazi, na raha yangu pekee katika wiki ilikuwa Jumamosi. Jumamosi nilivuka korongo kwenda mjini, kwenye baraza ya Mama Zuhura, mshonaji aliyetoka Tabora na kuolewa Bariadi, mwanamke mnene, mcheshi, aliyevaa tepu ya kupimia shingoni hata akienda sokoni. Siku nyingine baraza ile ilikuwa ya wateja. Jumamosi asubuhi ilikuwa yetu sisi wafumaji. Tulifuma vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunikia redio, kwa uzi mweupe na ile sindano yenye ncha iliyopinda, na hatukufuma kwa ajili ya kuuza. Mama Zuhura alikuwa mkali kwa hilo. "Wiki nzima mikono yangu ni ya watu," alikuwa akisema. "Leo ni yangu." Alikuwepo Mwalimu Rebeka wa shule ya msingi, mrefu, mpole, aliyefuma haraka kuliko sote na kuomba radhi kwa ajili hiyo. Na alikuwepo Nyanzobe, mke wa Kamanda Masanja, kiongozi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji chetu. Nyanzobe alikuwa amenizidi miaka michache tu, ana maneno ya kutania, na Holo huyu mgongoni. Tulikuwa tunavuka korongo pamoja kwenda na kurudi. Pale barazani tulikuwa na utaratibu wetu mmoja ambao naukumbuka kwa sababu baadaye ulikuja kuwa na maana kubwa: mtu akikosea mstari, anafumua, na aliyekaa naye ubavuni ndiye anayeshika ncha ya uzi na kuuviringa upya kwenye donge, usijikunje. Hakuna aliyefumua peke yake.

Mwano ulipigwa Jumamosi mojawapo, sisi tukiwa barazani. Kwa asiyejua, mwano ni ukelele wa hatari wa Kisukuma. Mmoja anaupiga, wa pili anaupokea, unakwenda kaya hadi kaya, na kila mwanaume mwenye miguu anaacha alichoshika, anachukua silaha, anakimbilia unakotoka. Haukuwa utani. Mwanaume aliyesikia mwano asitoke alihesabiwa kuwa upande wa wezi. Siku ile wezi wa mifugo waliswaga kundi zima mchana kweupe kutoka malishoni, na kijana mmoja mchungaji alichomwa mshale wa paja. Wanaume wa kijiji walikimbia kupita kando ya ua wetu wa minyaa, na kila aliyepita alimwona baba yangu uani, ameinama, anatengeneza baiskeli, amewapa mgongo. Hakuinua hata kichwa. Ng'ombe hawakupatikana. Nilipofika nyumbani mchana alikuwa bado na baiskeli yake, akanionyesha gurudumu linavyozunguka bila kuyumba, anafurahi.

Jioni walikuja kumuuliza. Kamanda Masanja mwenyewe alisimama mlangoni, mtu mrefu mwenye filimbi kifuani, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Mzee Luhende, mwano uliusikia?" Baba alimtazama mdomo. Nilimwona akifikiri, na nilijua anafikiri nini: maneno yatakayotoka hapa yatafika mjini kesho, na keshokutwa yatamfikia tajiri. "Niliusikia," akasema. "Nilikuwa na kazi." Nilitaka kusema kitu, akanitupia jicho. Kamanda alibaki mlangoni kama aliyetaka kumpa nafasi ya kujibu tena, kisha akaondoka bila kuaga. Asubuhi yake tulikuwa tumetengwa.

Watu wa siku hizi nikiwaambia kutengwa wanadhani nasema kununiwa. Kutengwa ni kwamba hakuna anayekusalimia wala kuitikia salamu yako. Hupewi moto, hupewi maji, huuziwi chumvi, huli na mtu, mtu hali nawe. Ukiugua unaugua peke yako. Ukifa, utazikwa na wa nyumbani mwako, na kwetu wa nyumbani nilikuwa mimi tu. Nilikwenda kisimani asubuhi ya kwanza nikasalimia, "Mwangaluka, mayu," kama kila siku, na wanawake wote wakageuza nyuso, wakasogeza ndoo zao zisigusane na yangu. Palizi la pamba lilikuwa limefika na hakuna aliyekuja kusaidiana nasi. Palizi tulilifanya wawili, baba na mimi, na shamba la jirani likiwa limejaa watu wanaoimba, nilitamani nami niwe kiziwi. Wiki iliyofuata tulikuta mbwa wetu amekufa langoni, hana jeraha. Baadaye jiwe moja likatua juu ya bati adhuhuri, moja tu, na sikuona aliyelirusha. Baba hakulisikia. Nilimwangalia akila ugali wake kwa utulivu, juu yetu bati limebonyea, na woga ulionipata wakati ule sijawahi kuupata tena, hata kwenye uchungu wa kuzaa. Kulikuwa na minong'ono ya mkutano utakaoitishwa joshoni, na kila mtu alijua kinachofuata baada ya kutengwa. Familia moja kabla yetu ilifukuzwa. Waliezuliwa paa wakiwa ndani.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda barazani kwa sababu sikuwa na mahali pengine. Njiani Nyanzobe alinitangulia hatua nyingi bila kugeuka, mgongoni kwake Holo akinichekea mimi, maana mtoto hajui kutenga. Nilifika, nikasalimia, Mama Zuhura na Mwalimu Rebeka wakaitikia kwa sauti kubwa kupita kawaida. Wao walikuwa watu wa mjini, katazo halikuwahusu. Nyanzobe alitazama sindano yake. Nilikaa ubavuni kwake kama siku zote kwa kuwa kigoda kilichobaki kilikuwa hicho, nikaanza kufuma, na mistari mitatu ya kwanza yote ikaenda upande. Nikaanza kufumua. Uzi ukanijaa mapajani, ukajikunja, nami nikawa namwaga machozi juu yake kwa hasira. Hapo nikaona mkono wa Nyanzobe unakuja, unaokota ncha ya uzi, unaanza kuuviringa. Hakunitazama. Aliviringa taratibu, akiukunjua kila mahali ulipojifunga, mpaka donge likawa zima, akaliweka pajani pangu. Salamu, moto, maji, chakula, vyote vilikuwa vimekatazwa. Uzi hakuna aliyekuwa ameukumbuka.

Kutoka siku ile wale wanawake watatu walinitengenezea maisha ya saa chache kila wiki. Mwalimu Rebeka alibadilishana nami kiti ili niipe barabara mgongo, wapita njia wa kijijini wasinione usoni, akasema jua linamchoma upande ule, na wala jua halikuwa linafika pale. Mama Zuhura aliniwekea kiberiti na chumvi ndani ya mfuko wangu wa nyuzi, na nilipomshukuru akasema, "Kushukuru nini, wee mtoto, mimi nimekuwekea vifungo." Na Nyanzobe ndiye aliyegundua cherehani. Ilikuwa siku ambayo alikuwa na kitu cha kuniambia na hakikuweza kusubiri. Aliinua kichwa, akaitazama cherehani ya Mama Zuhura kwa adabu kabisa, akasema, "Cherehani, mwangaluka." Tukashangaa. Akaendelea, "Cherehani, ukiwa na mtu anaishi ng'ambo ya korongo, mwambie maji ayachote mapema, kabla wenzake hawajaamka. Kuna watoto wameambiwa wayatie mchanga." Mama Zuhura alikanyaga pedali mara mbili, trrr, trrr, akasema, "Cherehani imesikia." Kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi nilicheka, tena kicheko cha tumboni. Katazo lilisema mtu asiseme nami. Halikumkataza mtu kusema na chombo cha chuma. Kuanzia hapo cherehani ile ikawa inasalimiwa, inaulizwa habari za palizi, inataniwa kuhusu wachumba, na mimi naijibu. Mtu angepita pale angedhani baraza nzima imepata wazimu.

Nisidanganye, saa zile hazikuondoa kitu. Nilivuka korongo kurudi kwenye kimya kile kile, na kila wiki kilikuwa kimezidi. Lakini nimeishi miaka mingi tangu wakati huo, nimepata misaada mikubwa ya watu wakubwa, na hakuna iliyonishika kama donge lile la uzi. Nafikiri ni kwa sababu hawakuniuliza chochote. Ndugu zetu wa Nkoma walipopata habari walituma mtu kutuuliza tulifanya nini. Wafumaji waliniuliza kama mstari wangu umenyooka.

Mkutano ukaitishwa Jumamosi, alasiri. Asubuhi yake baba alinyoa ndevu, akavaa shati la kiwandani lenye mifuko miwili, akakaa nje akisubiri kama anayekwenda kwenye usaili. Nilimpigia magoti. Nilimwomba awaambie ukweli. Aliusoma mdomo wangu mpaka mwisho, akasema, "Wakiniezua paa nitajenga. Wakiniita kiziwi, nani atanipa mashine?" Nikachukua mfuko wangu wa nyuzi nikaenda barazani, maana kukaa pale ningepasuka. Nilikaa na sindano mkononi nisiweze kufuma hata kitanzi kimoja. Mama Zuhura alikuwa amechemsha chai ya tangawizi, kulikuwa na matobolwa kwenye sahani, vile viazi vilivyokaushwa na kupikwa ambavyo alijua navipenda. Sikugusa. Nyanzobe alinitazama kwa pembe ya jicho. Alimimina chai kwenye kikombe chake mwenyewe, akainuka, akakiweka juu ya meza ya cherehani, upande wangu. Kula na mimi asingeweza. "Cherehani," akasema, "Kabula ameshakunywa chai?" Na mimi, ambaye nilikuwa nimeapa, neno likanitoka. "Cherehani," nikasema, "baba yangu hasikii."

Mama Zuhura aliacha kukanyaga pedali. Nyanzobe alikaa chini polepole. "Cherehani, muulize, hasikii vipi? Hata filimbi?" "Hata filimbi," nikasema. "Hata radi haisikii mpaka sakafu itetemeke. Siku ile hakusikia kitu. Anaogopa wakijua hatarudishwa kiwandani. Leo watamuuliza tena, na atawaambia alisikia." Mwalimu Rebeka akasema, "Mungu wangu," akataka kuja kijijini kutoa ushahidi, Mama Zuhura akamwambia neno la mtu wa mjini litazidi kuwaudhi, na tena mzee mwenyewe atalikana mbele yao. Walibishana. Nyanzobe hakubishana. Alimaliza mstari wake, akakata uzi kwa meno, akakunja kitambaa, akafunga Holo mgongoni. Kabla ya kushuka barazani akaigusa cherehani kwa kiganja. "Cherehani, hicho kikombe kinapoa," akasema, akaenda zake. Nilikinywa chote, na nakumbuka utamu wake mpaka leo, na nakumbuka kwamba kwa muda wa kikombe kimoja nilisahau alasiri.

Joshoni wanaume walikaa upande mmoja chini, rungu na mishale mapajani. Wanawake tulikaa upande wa pili, mimi peke yangu pembeni. Yule kijana wa mshale aliletwa akichechemea, akakalishwa mbele ili kila mtu amwone. Harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilikuwa nzito. Baba alisimama katikati, ametazamana na Kamanda Masanja, amewapa mgongo wanawake. Kamanda aliuliza taratibu, neno moja moja, "Mzee Luhende. Mwano. Uliusikia?" Baba akajibu kwa sauti ya wazi, "Niliusikia." Watu wakaguna. Nilisikia mwanaume mmoja nyuma akisema, "Basi, tusipoteze muda," na wawili tayari walikuwa wamesimama wakitazama upande wa nyumba yetu. Kamanda aliinua mkono kutoa hukumu. Niliuona ule mkono ukipanda, nikafumba macho.

Ndipo mwano ukapigwa. Ulitoka nyuma ya baba, upande wa wanawake, mkali, mrefu, wa kukata utumbo. Nilifumbua macho na kuona wanaume wote wamesimama kwa mpigo mmoja, silaha juu, wengine wameshaanza kukimbia kuelekea walikochunga ng'ombe zao, na vumbi limetanda. Waliposimama wote, mmoja hakutikisika. Baba alikuwa palepale, mikono nyuma, macho kwenye mdomo wa Kamanda, anasubiri hukumu yake kwa heshima. Mwano ukapigwa tena, karibu kabisa na kisogo chake. Hakupepesa jicho. Mmoja mmoja wanaume wakashusha rungu zao, wakamtazama, na kimya kikaingia pale joshoni, kimya cha aina nyingine. Baba aliona nyuso zao zimebadilika, akageuka polepole kutafuta kilichotokea, akamkuta Nyanzobe amesimama nyuma yake, mdomo bado wazi, na Holo analia mgongoni. Alielewa. Nilimwona baba yangu akielewa, na uso wake ulizeeka hapo hapo mbele yangu.

Hakuezuliwa paa. Lakini hakuna aliyepiga vigelegele, kwa kuwa wote tulijua sheria nyingine: kupiga mwano wa uongo ni kosa kubwa kuliko kutouitikia. Anayeupiga bila hatari anaua mwano wenyewe. Watu walimtazama Kamanda wakijua yule ni mke wake na hawakujua waseme nini. Masanja akavua filimbi shingoni, akaiweka chini. "Mzee Luhende ametengwa kwa kosa ambalo si lake," akasema. "Kuanzia sasa asalimiwe. Nyumba iliyopiga mwano wa uongo ni yangu. Itoe dume la ng'ombe, na itengwe mpaka masalia ya pamba yang'olewe na kuchomwa." Nyanzobe alipiga goti kukubali hukumu. Alipoinuka alipita karibu yangu, nami sikuwa tena na ruhusa ya kumsalimia.

Baba hakusema nami kwa siku nyingi. Habari zilifika mjini kama alivyohofia, na kiwanda kilipowashwa tena ngurumo ile ilirudi bila yeye. Alizifunga spana zake kwenye gunia. Nilidhani tumekosa kila kitu, yeye mashine, mimi rafiki. Kisha asubuhi moja, kijiji kizima kikiwa njiani kwenda mashambani, nilimwona anachota makaa kutoka jikoni kwetu, anayaweka kwenye kigae, anatoka nacho langoni. Nilimfuata mbio. Alikatiza katikati ya watu, polepole, moshi unampepea usoni, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Masanja, akaingia uani, akamwaga makaa jikoni kwa Nyanzobe. Katibu wa sungusungu alimkimbilia, akasimama mbele yake, akapayuka kwamba nyumba hii imetengwa, imetangazwa, moto haupelekwi. Baba alimwangalia mdomo mpaka akamaliza. Alikuwa amemwelewa kila neno, mimi namjua. Akaweka kiganja sikioni. "Tangazo?" akasema. "Sikulisikia. Si mnajua mimi ni kiziwi?"

Kila asubuhi mpaka masalia yachomwe, baba alipeleka moto, na kila asubuhi hakuwa amesikia. Na kila Jumamosi mimi nilikaa barazani ubavuni mwa Nyanzobe, nikaviringa uzi wake, nikaiambia cherehani yote niliyotaka ajue.

Hayo nilimsimulia Holo. Alilia sana, akasema kama angejua angemjibu mama yake jioni zile. Nikamwambia haikuwa kazi yake kujibu. Wanawake wa uani walikuwa wanaita, wali umeshaiva, na Holo akatoka kwenda kuwatazama wageni. Nilibaki mle ndani. Mama Zuhura aliporudi kwao Tabora alimwachia Nyanzobe ile cherehani, na kwenye meza yake, upande wa kulia, bado kuna alama ya duara iliyoachwa na kikombe cha moto. Niliigusa kwa kiganja. Nilikuwa nimepitisha siku mbili pale msibani bila kutia kitu tumboni. Nikatoka, nikaomba kikombe cha chai, nikarudi nacho chumbani, nikaketi nikanywa mpaka mwisho.

"Cherehani," nikasema, "mwambie nimekunywa."